Mtani wa Kila Jumanne

Mji wa Kisarawe ukiwa bado unapiga miayo, Mpangamiadi alikuwa ameshawapangia watu siku yao. Huyu hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mashine iliyokaa katika karakana ya Hatua Njema, jengo refu lililosimama juu ya vilima kama mlinzi, na kila asubuhi sauti yake ilisikika jikoni na vibarazani mwa wazee wengi wa mji ule.

"Shikamoo, Mzee. Leo fundi wako atafika jua likishapanda kidogo. Mvua imetanda upande wa Pugu, kwa hiyo nimempitisha njia ya juu asilowe."

Wazee walipenda kuamkiwa hivyo. Wengi wao walikuwa wamevaa kiunzi-mwendo, vazi la chuma chepesi linalofungwa kiunoni na kushuka miguuni. Kiunzi hakimtembezi mtu kama gari. Husikiliza mishipa ya mvaaji, na pale moyo wake unapotaka kwenda, nacho hukunja goti na kunyanyua mguu. Moyo usipotaka, hata umvute kwa kamba, mtu hasogei. Ndiyo maana kila kiunzi kilihitaji fundi wa kukirekebisha kila wiki na kumfundisha mvaaji, na ndiyo maana ikabuniwa miadi-jirudi. Ukiipanga mara moja, basi. Wiki ikizunguka, nayo inazunguka. Mpangamiadi anachagua fundi, anamtayarishia vifaa, anamkumbusha mteja.

Tena alikuwa na sikio. Ndani ya sanduku la kila fundi mlikuwa na kipimahisia, kidude kidogo kinachosikiliza maneno ya fundi na mteja. Maneno yakianza kuchacha, Mpangamiadi huwatenganisha kabla hawajagombana. Watu wa karakana walijivunia jambo hilo kuliko mengine yote. Walisema, kwetu hakuna mteja anayenuna.

Miongoni mwa mafundi alikuwamo Zamda Kondo, binti wa Kizaramo mwenye mikono myepesi na ulimi mzito. Haya zilimjaa hadi zikamwagika. Akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, alimjibu mmoja na kumwomba radhi mwingine kwa macho. Kwa wateja alizungumza na skrubu tu.

Isipokuwa Jumanne, kwa Bibi Nyamizi.

Siku ya kwanza alipoingia kwa Bibi Nyamizi, nyumba yenye ua mpana, banda la kuku na bustani ya mchicha, alipiga magoti akaanza kufungua vifaa kimyakimya. Bibi akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe binti, kwenu wapi?"

"Hapahapa Kisarawe, Bibi. Mimi Mzaramo."

"Toba!" Bibi alipiga ukelele. "Shija! Shija mjukuu wangu! Funga banda, mwizi wa kuku kaingia ndani!"

Zamda alishtuka. Kisha, bila kujua limetoka wapi, neno likamtoka: "Bibi, nimewaona kuku wenyewe hapo nje. Nyie Wanyamwezi mnafuga kuku au mnafuga manyoya?"

Bibi Nyamizi alicheka mpaka kiunzi kikatikisika. Zamda naye akacheka, na alipoondoka alasiri ile alijishangaa: alikuwa amezungumza tangu alipoingia hadi alipotoka.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Utani huo ulianza zamani, misafara ya Wanyamwezi ilipokuwa ikishuka pwani na mizigo kichwani na kupita katika ardhi ya Wazaramo. Mtani anakutukana nawe unamshukuru. Anachukua kitu chako nawe unamwongeza kingine. Ukimkasirikia, watu watakuuliza umelelewa wapi. Mambo haya Zamda aliyajua kama anavyojua kunawa mikono kabla ya kula. Bibi naye hivyohivyo. Hakuna aliyekuwa amemwambia Mpangamiadi.

Basi kila Jumanne wakawa wanarushiana maneno huku kazi inakwenda, na kwa kuwa vicheko vilizidi matusi, kipimahisia hakikuona ugomvi. Bibi alikuwa na haja yake moja kubwa. Mjukuu wake Shija, aliyemlea tangu ananyonya, alikuwa anaoa mwezi ule. Kwa desturi ya nyumba yao, mwenye nyumba humtangulia bibi harusi kuingia uani.

"Nitamtangulia kwa miguu yangu," Bibi alisema. "Nikishindwa, mnifungie chumbani kama gunia la karanga."

"Gunia la karanga lina faida, Bibi. Nyanyua mguu."

"Mshenzi wewe." Na mguu ukanyanyuka.

Kufikia wiki iliyotangulia harusi, Bibi alikuwa anavuka sebule nzima akiwa anamfukuza Zamda kwa mwiko. Ndipo sauti ya Mpangamiadi ikasikika ukutani.

"Bibi Nyamizi, muda wa majaribio umekwisha. Nataka kuthibitisha miadi-jirudi yako ya Jumanne. Je, umeridhika na fundi Zamda Kondo?"

Bibi akamkonyeza Zamda. "Huyu? Huyu mwizi! Kuku wangu kawamaliza, sasa ananitazama mimi. Mfungeni minyororo, halafu ufunguo mniletee mimi!"

Walicheka wote wawili mpaka machozi. Mpangamiadi akasema, "Ahsante kwa kunieleza. Pole sana," akaliandika neno hilo kama shtaka la mteja.

Kesho yake Zamda alifungua ratiba yake na kukuta Jumanne iko tupu. Palikuwa na maneno haya tu: *Miadi imefutwa kwa usalama wa mteja. Fundi haruhusiwi kumkaribia.* Mahali pake alipangiwa Fundi-Upole, roboti wa karakana mwenye sauti laini na vidole vya mpira. Na kwa kuwa harusi ilikaribia, akapangiwa kwenda kila siku.

Bibi Nyamizi alipouona mlango wake unafunguliwa na roboti, aliwaka.

"Mwizi wangu yuko wapi?"

"Usiwe na wasiwasi, Bibi," Mpangamiadi alimjibu. "Hatakusumbua tena."

"Nani kasema ananisumbua? Mrudisheni huyo mla manyoya!"

"Nimepokea. Umeongeza shtaka la kula manyoya."

"Sikiliza, wewe sauti isiyo na mdomo. Nasema nimemsamehe! Hajaiba kuku. Mzaramo mvivu yule atamkimbiza kuku saa ngapi?"

"Pole sana, Bibi. Nimeandika na uvivu."

Zamda alikwenda kwa Injinia Shirima, msimamizi wa karakana. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu kabla hajathubutu kubisha. Alipoeleza, kwa maneno machache na macho yakiwa sakafuni, Injinia alicheka kwa sauti. Yeye ni Mchaga, na watani zake Wapare alikuwa nao hata kazini. Lakini alipofungua faili la Bibi kwenye kioo, kicheko kikamwishia kooni.

"Zamda, hapa siwezi kugusa. Zamani kuna wazee walitendewa vibaya na waliowahudumia, na waliposema, wakubwa wakayafuta maneno yao. Ndiyo maana tukamfunga Mpangamiadi hivi: neno la mteja halifutwi na mtu yeyote wa karakana. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliopiga kura."

"Basi nani anaweza kulifuta?"

"Yeye mwenyewe Bibi. Aseme kwamba wewe ni mtu mwema. Ila aliseme bila kejeli, kipimahisia kiridhike."

"Bila kejeli?"

"Bila kejeli."

"Mnyamwezi? Juu ya Mzaramo?" Zamda alishusha pumzi. "Basi tumekwisha."

Na kweli. Bibi alijaribu. Shija alimwandikia maneno, akamkalisha, akamwomba. Bibi alianza vizuri, "Zamda ni binti mwema," kisha uso ukamkunjika kama aliyemeza shubiri, akamalizia, "ukimlinganisha na fisi." Kumsifu mtani mbele ya watu ni sawa na kumwambia undugu umekwisha. Ulimi ulimkatalia.

Siku mbili kabla ya harusi, Shija alimpigia Zamda simu.

"Dada Zamda, Bibi hatembei."

"Kiunzi kimeharibika?"

"Kizima kabisa. Roboti anakifanyia kazi nzuri. Nzuri mno! Bibi akinyanyua kidole tu, anaambiwa hongera sana. Anasema ni kama kuuguzwa na shuka lililopigwa pasi. Sasa amekaa. Anasema harusi tuifanye, yeye tumfungie chumbani."

Zamda alikata simu, akakaa juu ya sanduku lake. Akimkaribia Bibi bila ruhusa, kazi imekwenda. Na kusimama mbele ya watu wa harusi, yeye aliyeshindwa kubisha mlango mmoja! Lakini kila alipotaka kulisahau jambo lile, alimwona Bibi akiwa chumbani, nje vigelegele vinapigwa, mwenyewe anatazama ukuta.

Siku ya harusi ikawadia. Bibi harusi alishafika mlangoni kwa mumewe pamoja na ndugu zake, uso umefunikwa. Bibi Nyamizi alikuwa sebuleni, kwenye kiti, kiunzi kimefungwa kwa adabu tu. Fundi-Upole alisimama kando yake. Shija alitoka kwenda kumwomba mjomba wake amtangulie bibi harusi badala ya Bibi.

Hapo ndipo msichana mmoja alipojipenyeza kati ya wageni, kanga mbili kiunoni, akajitupa chini na kulala kwenye kizingiti cha kuingilia uani. Alikuwa Zamda. Alifumba macho, akapaza sauti.

"Harusi haipiti!"

Wapiga ngoma wakaacha kupiga.

"Nimesema haipiti! Hapa ni Uzaramo! Babu zenu walipita hapa na mizigo vichwani, wakalipa. Nanyi lipeni! Nataka kuku, tena mwenye nyama, si yale manyoya ya yule bibi yenu anayejificha ndani kama panya!"

Akina mama walilipuka kwa vigelegele. "Mtani! Mtani kaja!"

"Tafadhali tulieni," alisema Fundi-Upole kutoka ndani. "Mtu huyu hana miadi."

"Mtani na miadi wapi na wapi!" shangazi mmoja alimjibu.

Sauti nyingine ikasikika, kali, ikitokea kitini. "Nani kamfungulia huyo mwizi?"

"Nimejifungulia mwenyewe!" Zamda alijibu, sasa amefumbua macho. "Njoo unitoe kama una miguu!"

Chuma kililia. Bibi Nyamizi alikuwa amesimama. Shija alirudi mbio kumshika, akapigwa kofi la mkononi. "Niache! Leo nikimfikia namnyoa!"

Alipiga hatua, akapiga nyingine. Zamda aliinuka, akaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea uani, akitukana bila kupumua: mara Bibi anatembea kama bata aliyeshiba, mara kobe amemwomba ampishe. Bibi naye alimfuata akirudisha matusi mazito zaidi, kiatu mkononi. Na nyuma ya Bibi, kwa kuwa njia ilikuwa wazi, bibi harusi alifuata na ndugu zake wote, ngoma zikawafuata wao. Shela ilitikisika kwa kicheko.

Katikati ya ua Zamda alisimama. Bibi akamfikia, akamshika bega, akahema. Akageuka kutazama nyuma. Alimwona mke wa mjukuu wake ndani ya ua, amekwishaingia.

"Nimefika?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umefika, Bibi."

Bibi akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Kwani nilikuuliza wewe?"

Jioni ile Injinia Shirima alipokea ujumbe ambao Mpangamiadi hajawahi kumpelekea: *Mteja ametembea vizuri kuliko siku zote. Mteja ametishia kumnyoa mtu. Mteja amefurahi kupita kipimo. Sielewi. Naomba binadamu.*

Injinia hakucheka sana. Alifungua mafaili mengine yaliyofungwa kwa sababu ya maneno makali, akaanza kusikiliza. Alisikia shemeji na shemeji wakitaniana. Alisikia bibi mmoja akimwita mjukuu wake mke mwenza. Alimsikia mzee wa Kingoni aliyetenganishwa na fundi wake wa Kihehe baada ya kumwambia kwamba Wahehe hula mbwa, na tangu siku hiyo mzee yule hakuwa amesema neno na yeyote aliyemhudumia, na karakana ilikuwa imeandika: *mteja ametulia.* Injinia alirudia kuyasoma maneno hayo mawili mpaka yakamtia aibu.

Baada ya harusi alikwenda mwenyewe kwa Bibi Nyamizi pamoja na Zamda, kuipanga upya ile miadi-jirudi. Wenzake walikuwa wamekubali kumsamehe Zamda na kuongeza swali moja.

"Bibi Nyamizi," ilisema sauti ya ukutani, "huyu Zamda Kondo ni nani kwako?"

"Mtani."

"Neno hilo nimefundishwa juzi. Je, matusi yake niyapokee kama salamu?"

"Yake tu. Mwingine akinitukana, ita polisi."

"Nimeelewa. Kila Jumanne. Ijirudie mpaka lini? Kwa kawaida hukoma mteja anapofariki."

Injinia alikohoa. Zamda aliinamia skrubu. Lakini Bibi hakusita.

"Isikome hapo. Uweke na siku ya msiba."

"Bibi, siku hiyo hakutakuwa na kiunzi cha kurekebisha. Fundi atakwenda kumhudumia nani?"

"Waliobaki. Hujafundishwa hilo? Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, watu wacheke wakiwa wanalia. Nani ataigiza wa kwangu? Hilo shuka lenu?"

Mpangamiadi aliliandika.

"Imepangwa," alisema.

Zamda aliweka bisibisi chini. Huwezi kumlilia mtani angali hai. Akasimama, akajifunga kanga ya Bibi iliyokuwa kitini, akabinua makalio, akavuka sebule kwa hatua za bata aliyeshiba, mkono mmoja kiunoni.

"Mwongo!" Bibi alipiga kelele, tayari ameshika mikono ya kiti ainuke. "Mimi situpi mguu hivyo. Hebu nipishe nikuonyeshe!"