Simu Iliyowajua Wateja wa Mama Futi

Mama Futi hakuitwa hivyo bure. Futi yake ya kupimia nguo ilikaa shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Watu husema hata siku ya kuolewa aliivaa badala ya mkufu. Mumewe anakataa. Lakini mumewe ni mpaka rangi, na wapaka rangi wamezoea kufunika mambo.

Chumba cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba. Kilikuwa na cherehani, pasi, kioo kirefu na dirisha la kutazama barabara. Dirisha hilo ndilo lililompa Mama Futi sifa. Akimwona mtu anapita ng'ambo, alitaja kiuno chake bila kumgusa. Mtu akibisha, aliitwa ndani akapimwa. Mama Futi hakukosea. Mara moja tu alikosea nusu inchi. Ikaja kujulikana kwamba mteja alikuwa ametoka kula sasa hivi.

Kilichomshinda ni majina. Aliyachanganya kama vifungo kwenye kopo. Kwa hiyo wateja aliwaandika kwenye simu kwa vipimo vyao. Kulikuwa na Nyonga 46. Kulikuwa na Mkono Mrefu. Kulikuwa na Bega Limeshuka. Siku moja simu ililia, mumewe akapokea.

"Habari za leo, Nyonga 46!" akasema kwa furaha.

Mteja huyo alihamia kwa fundi mwingine mwezi mzima.

Miongoni mwa wateja hao alikuwapo Kiuno 28. Mama Futi alimshonea gauni la harusi miaka saba nyuma, walipokuwa wakiishi mji mmoja. Bwana harusi naye, Mama Futi alimshonea suti. Huyo alimwandika Kifua 44. Kisha Mama Futi na mumewe wakahama, na habari za wale wawili zikakatika.

Sasa, mwaka huu, asubuhi moja, Kiuno 28 akatokea mlangoni. Alikuwa peke yake, na begi moja. Mama Futi alimpima kwa macho.

"Mdogo wangu, hicho kiuno ni 25. Inchi tatu zimekwenda wapi?"

Mwanamke hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaeleza kwa sauti ndogo. Mumewe alikuwa akimpiga. Alikuwa ameapa kwamba mke wake akiondoka, atamtafuta hadi ampate, na akimpata hatamwacha hai. Watu wa ustawi wa jamii ndio waliomsaidia kutoka na kuulizia alikohamia Mama Futi. Laini ya zamani aliitupa.

"Dada, hii ni namba yangu mpya," alisema. "Unayo wewe peke yako. Hata mama yangu hana."

"Imezama kisimani," alisema Mama Futi, akaiandika kwenye simu.

Alimpa chumba cha uani. Alimpa na kazi ya kupinda nguo na kutia vifungo. Kiti chake kiliwekwa nyuma ya kile kioo kirefu, mahali ambapo mtu wa barabarani hamwoni.

Mambo yalikwenda vizuri. Kisha Mama Futi akaingia kwenye mtandao wa kijamii.

Alitaka kuonyesha magauni yake, basi. Mumewe alimpiga picha mbele ya duka, chini ya kibao alichokipaka mwenyewe. Simu ikauliza swali: je, unaruhusu mtandao usome orodha yako ya namba, ukutafutie marafiki? Chini kulikuwa na neno RUHUSU, kubwa, la buluu. Mama Futi alikuwa na pini sita mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kubishana. Akabonyeza.

Kesho yake asubuhi alifungua simu, akapiga kelele.

"Baba, njoo uone maajabu!"

Mpaka rangi alikuja mbio, brashi mkononi. Kwenye simu palikuwa na maneno: Watu Unaoweza Kuwafahamu. Chini yake kulikuwa na nyuso. Nyonga 46 alikuwapo, na jina lake kamili. Bega Limeshuka alikuwapo, amekaa kwenye kiti cha ofisi. Wote walikuwapo, kama wameitwa kupimwa siku moja.

"Hii simu ina jini," alisema mumewe.

"Jini gani anamjua Bega Limeshuka? Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsahau!"

Mama Futi alisukuma ukurasa kwa kidole. Kila aliposukuma, mtu mwingine alitokea. Kisha akaona picha ya ua jeupe. Hapakuwa na uso. Jina lilikuwa Ua la Asubuhi.

"Sasa huyu ua simjui. Hapo imekosea."

Nyuma ya kioo, kopo la vifungo lilianguka. Vifungo vikatawanyika chumba kizima.

"Dada," alisema Kiuno 28, "huyo ni mimi."

Hakuna aliyeokota kifungo. Mwanamke alikuwa amefungua ukurasa wiki mbili zilizopita ili asome habari na kujipunguzia upweke. Jina alilitunga. Picha aliikata kwenye kalenda. Hakuwa na rafiki hata mmoja mle ndani.

"Imenijuaje?" aliuliza.

Mama Futi aliinamia simu. Kidole chake kilisukuma tena, chenyewe tu. Akatokea mwanamume mwenye suti. Uso aliusahau zamani. Lakini kola ile aliijua. Aliipinda kwa mkono wake mwenyewe.

"Kifua 44," alinong'ona.

Kiuno 28 alisimama. "Kama imekuonyesha wewe sisi wawili, yeye itamwonyesha nani?" Akaenda uani. Walimsikia akifungua zipu ya begi.

Mama Futi alimfuata. "Mdogo wangu, unakwenda wapi?"

"Popote. Leo leo."

"Nipe nusu saa. Nusu saa tu. Nikirudi bila dawa, nitakushikia begi mwenyewe hadi stendi."

Alitoka na ndala za mumewe, zote mbili za kushoto. Alikwenda nyumba ya tatu, kwa Bibi Posta.

Bibi Posta alikuwa amestaafu. Alichambua barua posta miaka thelathini na moja. Siku hizi aliwafundisha watu wazima kutumia simu, kila Jumanne, kwenye ukumbi wa mtaa. Alikuja akitembea haraka, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasikiliza yote.

"Mimi nilipokuwa posta," alianza, "sikufungua barua ya mtu. Naapa. Moja tu, na hiyo ilijifungua yenyewe. Lakini nilijua nani anachumbiana na nani mji mzima. Nilijua vipi?"

"Ulikuwa mmbea," alisema mpaka rangi.

"Nyamaza, bwana rangi. Nilisoma bahasha! Imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, mara ngapi kwa wiki. Bahasha inatosha. Sasa mtandao ni posta. Posta yenye wachambuzi wengi kuliko nyota. Hawalali, hawali, hawaendi haja. Wewe Mama Futi ulipobonyeza RUHUSU, uliwapa nini?"

"Sikuwapa kitu."

"Uliwapa daftari lako lote la namba. Hayo majina yako ya viuno na nyonga hayakuwasumbua. Wao wanataka namba. Namba ndiyo anwani. Huyu binti alifungua ukurasa kwa namba gani?"

"Hii mpya," alijibu Kiuno 28 kutoka mlangoni. Begi lilikuwa mkononi.

"Haya. Jina ulibadilisha, uso uliuficha kwa ua, lakini namba ni ile ile uliyompa Mama Futi. Wakaikuta kwenye ukurasa wako. Wakaikuta kwenye daftari la Mama Futi. Wakaziweka pamoja, zikaoana kama kifungo na tundu lake."

"Lakini mimi sikumpa mtu daftari langu!"

"Ndiyo, mwanangu. Wewe hukutoa. Ametoa mwenzako. Hapo ndipo pagumu. Siri yako inakaa pia kwenye simu ya kila mwenye namba yako."

Mama Futi alishika futi yake kwa mikono miwili. "Basi ni mimi niliyemtoa kisimani."

"Hukujua. Na si namba tu wanayoangalia. Marafiki mnaofanana, kundi mliloingia wote, shule uliyoiandika, kazi uliyoitaja. Wanaoanisha vyote. Na mengine wanayotumia hawatuambii."

"Watu wangapi wamo mle?"

"Mabilioni."

"Na wote wamepimwa?"

"Wote. Kila siku wanapimwa upya."

Mama Futi aliitazama simu iliyolala mezani. Ilikuwa ndogo kuliko pasi. Yeye alijivunia kupima kiuno kimoja kutoka ng'ambo ya barabara. Hii ilipima dunia nzima bila kuamka pale mezani.

"Na nani ameshika futi?" aliuliza polepole.

"Kampuni. Ukipata marafiki wengi, unakaa mle ndani muda mrefu. Ukikaa, wanakuonyesha matangazo. Hawana chuki na huyu binti. Ila hawajui nani anamkimbia nani. Wao wanaona namba mbili ndani ya daftari moja. Wanasema, hawa bila shaka wanafahamiana."

Simu ikatoa mlio mdogo. Wote wakaruka. Juu ya kioo chake palikuwa na ile suti, na maneno: Anaomba urafiki.

Kiuno 28 aliishika fremu ya mlango.

"Tulia," alisema Bibi Posta. "Amemwona Mama Futi. Ua hatujui kama ameliona. Kwa hiyo tufanye kazi, tusikae tukilia. Nani ana macho mazuri?"

Walifanya kazi kama watu wanaozima moto. Kwanza Kiuno 28 akaufuta ukurasa wake kabisa. Bibi Posta alimwonyesha mahali pa kufuta kwa kudumu, si kufunga kwa muda. Kisha wakaingia kwenye mipangilio ya ukurasa wa Mama Futi. Wakazima ile ruhusa ya kusoma namba. "Kuzima peke yake hakutoshi," alisema Bibi Posta. "Kunazuia za kesho. Za jana bado wanazo." Wakatafuta mahali pa kufuta namba zilizokwisha kupakiwa. Wakazifuta zote. Wakachagua kwamba mtu asiweze kumtafuta Mama Futi kwa namba ya simu. Kifua 44 hawakumjibu neno. Wakamzuia.

"Na hii picha?" aliuliza Bibi Posta.

Ilikuwa picha ya mbele ya duka. Kwenye kibao palisomeka jina la mtaa na namba ya nyumba, kwa rangi nyekundu.

"Hicho kibao nilikipaka siku tatu," alisema mumewe.

"Kinasomeka vizuri mno. Ndiyo shida."

Mpaka rangi alifuta picha mwenyewe. Akaweka picha ya gauni, limening'inia ukutani, basi.

Mwisho Kiuno 28 alimpigia simu afisa wa ustawi wa jamii, akamweleza yote. Afisa alisema atawajulisha polisi. Akamwambia asihame mbio peke yake, abaki mahali penye watu wanaomjali.

Siku zile za kwanza Mama Futi hakushona sana. Alikaa dirishani. Kila mwanamume aliyepita, alimpima kifua. Arobaini. Thelathini na nane. Arobaini na mbili. Mumewe naye alipaka rangi uzio wa mbele mara tatu, ingawa ulikuwa umekwisha kukauka vizuri tangu mara ya kwanza. Kila asubuhi Mama Futi alifungua simu, akatazama wale Watu Unaoweza Kuwafahamu. Ua halikutokea. Suti haikutokea. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Kifua 44 hakupita.

Namba za wateja alizihamishia kwenye daftari la karatasi, lenye jalada gumu, akalifungia kwenye sanduku la cherehani. Na kwenye simu, swali lolote likitokea, kwanza alitoa pini mdomoni. Alisoma hadi mwisho. Mara nyingi alijibu hapana. Alienda pia darasa la Jumanne, akawasimulia wenzake. Kila aliposimulia, zile pini ziliongezeka. Mara ya mwisho zilikuwa arobaini.

Siku moja Kiuno 28 aliomba ashonewe gauni la kazi. Alisimama mbele ya kioo, si nyuma yake. Mama Futi alivua futi shingoni, akamzungushia. Akasoma. Akasoma tena.

"Mdogo wangu! Ishirini na tisa!"

"Dada, punguza sauti. Utawaambia watu wote."

Mama Futi aliinua futi juu, ikaning'inia kati yao.

"Mimi nina mdomo, sikatai," alisema. "Lakini hii inawajua watu wa mji mzima, na haijamtaja mtu hata siku moja."

Akairudisha shingoni, akachukua chaki.