Kisanduku Kilicholala Ukingoni mwa Mto

Kila asubuhi Modesta aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akapita ukingoni mwa mto kukiangalia kisanduku cha mjomba wake. Mjomba Alois alikuwa mhandisi mwandamizi. Kazi yake ilikuwa kubuni prosesa, yaani ubongo wa mashine, unaotumia umeme kidogo mno. Huu aliouleta kijijini Kinole kuujaribu, ndani ya kisanduku hicho, haukuzidi punje ya hindi. Ulilala, ukaamka kupima kina cha mto, ukalala tena. Maji yakipanda ghafla, ungepiga king'ora, walioko bondeni wakimbie.

"Betri nne tu, masika yote!" mjomba alijigamba.

Mwaka ule betri ziliadimika hata katika duka la kijiji cha ujamaa. Redio ya kina Modesta ilikuwa bubu.

"Kisanduku chenyewe kinalala kutwa kama paka wa padri," shoga yake Pili alimchokoza. "Betri mpya za nini? Kitilie zenu za kuanika, tusikilize salamu na muziki."

Modesta akacheka, kisha akafanya kweli. Akachukua zile mpya, akatia kuukuu zilizoanikwa juu ya bati mpaka zikafufuka kidogo. Taa ya kijani ya kisanduku ikakonyeza.

"Umeona? Hata hakijui!" alisema Pili.

Siku chache baadaye wingu jeusi lilifunika vilele vya Uluguru. Kijijini halikudondoka tone, lakini huko juu radi zilinguruma. Modesta alikimbilia ukingoni. Mto ulikuwa mwekundu kwa tope, na jiwe la kufulia halikuonekana tena. King'ora kimya! Taa imezimika!

Mama yake alikuwa bondeni akipalilia magimbi, mtoto mgongoni. Aliita, lakini mto ulimeza sauti yake. Nikisema, mjomba atanichapa, aliwaza. Nisiposema je?

Alimkuta mjomba ofisi ya kijiji.

"Mjomba! Betri nimezitoa mimi! King'ora hakilii, na mama yuko bondeni!"

Mjomba hakuuliza la pili. Alikimbia hadi shuleni, akashika nondo, akaipiga rimu ya lori iliyokuwa kengele: ngo! ngo! ngo! Kengele inayolia nje ya saa zake ni ya hatari, kila mtu alijua. Watu wakaanza kuibuka kutoka bondeni. Mama hayumo. Modesta alijiuma kidole, machozi yakimtiririka.

Mara kanga ya mama ikaonekana migombani.

"Kuna nini? Moto?" aliuliza akihema.

"Maji, dada!" mjomba alijibu.

Nyuma yake mto ulifurika, ukasomba magimbi yote.

Mjomba aliketi chini. "Kulala hakutaki nguvu, Modesta. Kuamka na kupiga kelele ndiko kunakotaka. Betri ya kuanika haiwezi."

"Nisamehe, mjomba."

"Umekosa, na kesho utapanda magimbi na mama yako. Nami nimekosa. Nimeufundisha ubongo ule kulala, sikuufundisha kusema umechoka. Nitaurekebisha." Akamvuta karibu. "Woga ulikuambia unyamaze, mpwa wangu, nawe ukasema. Kosa likisemwa mapema, watu hupona."