Nyusi Moja, Maputo Mengi

Kinyozi wa mtaa wetu alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Asubuhi moja yote miwili ilimgomea. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea. Mkewe hakungoja. Alimkimbiza hospitali papo hapo.

Kilikuwa kiharusi. Alipigwa picha ya kichwa, na daktari akasema haukuonekana mshipa mkubwa ulioziba. Akampa dawa, akamwambia aanze mazoezi.

Kinyozi alisikia habari ya mshipa tu. Aliporudi, aliibandika picha kwenye kioo cha kibanda chake.

"Tazameni wenyewe! Kichwa safi!"

Mteja wa kwanza aliingia na nyusi mbili, akatoka na moja. Wa pili hakuja.

"Baba watoto, mkono bado unatetemeka," mkewe alisema.

"Picha imesema mimi mzima. Unabishana na picha?"

Mke akamwita jirani yao, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, bwana mwenye ndevu alizozilea kama mtoto.

"Kaka," jirani alisema, "picha hiyo ni ya saa ile tu. Huenda damu iliganda mshipani, ikayeyuka kabla hujapigwa picha. Au kimeziba kimshipa kidogo kisichoonekana. Lakini ubongo umeumia."

"Basi mkono ndio umekwisha?" Kinyozi aliushika mkono wake wa kulia. Aliogopa kweli. Mkono ule ndio uliokuwa kazi yake.

"Hapana. Wengi wa namna yako hupata nafuu nzuri. Ila haiji kwa kukaa. Fanya mazoezi kila siku, usiache dawa, upimwe presha. Dalili zikirudi, hata zikipita zenyewe, mbio hospitali."

"Nianze na nini?"

Jirani alipuliza puto, akalipaka povu la sabuni.

"Linyoe hili."

Paa! Povu likamrukia mke usoni.

"Mungu amlaze pema," mke alisema. "Lete mteja mwingine."

Wiki zilipita, maputo yakafa. Mwezi wa tatu wa mazoezi, puto moja lilinyolewa lote bila kupasuka. Mke alipiga vigelegele. Kinyozi akabandua picha kwenye kioo, akavuta kiti.

"Jirani, sasa kaa wewe."

Jirani alizishika ndevu zake. "Tusijaribu puto moja zaidi?"

"Kaa, shemeji," mke alisema. "Si ulisema wengi hupata nafuu?"

Jirani alikaa, akafumba macho. Wembe ulipita taratibu, bila kutetemeka. Alipofumbua macho, ndevu zilikuwa zimechongwa vizuri kabisa, naye kinyozi alikuwa akilia bila kujificha.

Jirani alijitazama kwenye kioo, akahesabu nyusi zake. Zilikuwa mbili.