Pedale Yenye Ésaïe Alikuwa Anangojea

Unasema mi ni mutu ya bongo, ya kudanganya? Sawa. Kuya Butembo, uangalie mukono ya kushoto ya Lusenge, kisha ukatae mbele yake. Kukatalia kwako kwenye kiti, na chai ya moto, hata mutoto anaweza. Mi ni Muyisa, mupiga gitare basse ya kwaya yetu, niliacha masomo mu deuxième, mwaka ya pili, ju mwalimu alikuwa ananichelewesha. Mi hapana ogopaka. Ile siku niliogopa kidogo tu, na ni mvua ilikuwa inanitetemesha.

Lusenge njo gitare solo yetu. Kaka yake mukubwa, Ésaïe, njo alimufundisha. Ésaïe alikuwa anapiga mpaka bamama banasahau kutoa sadaka. Mwaka muzima alikuwa anangojea pedale moja ya overdrive, chombo ya kukanyaga na muguu, ile yenye kufanya gitare ilie sawa mutu mwenye koo imepasuka. Ilikuwa modèle ya zamani, ya bazee ba orchestre, na usine, kiwanda yake, imerudilia kuitengeneza mupya. Aliiagiza kwa muchuuzi mwenye kuendaka Kampala. Kila siku alikuwa anatuambia: "Ikifika, mutu asiiguse mbele yangu, mi njo wa kwanza."

Malaria ikamubeba. Bakamuzika kwao Kipese. Kilio, ile matanga yake, ilikuwa haiyafungwa, Adèle mujane wake angali analala chini kwenye mukeka, njo carton ikafika.

Kwetu, kilio ikiwa wazi, kitu ya marehemu haiguswe. Mais tukajiambia, hii ni mupya, yeye hakuishika hata siku moja, itakuwa yake namna gani? Donc carton ikafunguliwa, mu chumba yetu ya répétition, ya kufanyia mazoezi, nyuma ya nyumba ya Ésaïe, mchana, mvua inapiga mabati. Courant hakuna. Ampli ya kukuza sauti ilikuwa inakula moto ya groupe, ile jenereta yenye kunguruma inje. Pedale ilikuwa inaomba pile, betri yake, pile hakuna, basi ikatolewa mu micro ya kilio, ile micro batu bote balililia Ésaïe ndani yake.

Lusenge akaingia, akasimama.

"Muyisa, umeingiza jack?"

"Jack iko mu mukono yako, mon vieux."

Akaangalia ile kamba ya gitare mu mukono yake. Kisha akaangalia pedale. Kataa yake, ile taa ndogo nyekundu, ilikuwa inawaka. Pedale bila jack haiwakake, hata mwenye kupiga ngoma anajua ile. Nikacheka. Nikamwambia, usine ya sasa inatiaka akili mu vyombo, si kama we.

Akachomeka, akakanyaga, akapiga.

Wee. Ilikuwa tamu. Ilikuwa ile sauti ya Ésaïe, yenye kupanda pole pole na kuvunjikia juu. Na harufu ikaingia, ya mbao ya eucalyptus na vernis mubichi, harufu ya sanduku ya maiti.

"Muyisa," Lusenge alisema chini chini. "Hapana mi."

"Hapana we nini?"

"Vidole. Nimeshaacha kupiga. Vyenyewe vinaendelea."

Nikakimbia inje, nikazima groupe. Ikanyamaza. Ampli hapana. Na mule mu mvua, mukono yangu juu ya groupe yenye imekufa, nikasikia sauti ya mutu katikati ya nyuzi, kupitia ukuta: "Nani alinitangulia?"

Nikarudi ndani, na pale njo niliona vidole ya Lusenge vinakimbia juu ya nyuzi mbio kushinda macho, na uzi ya kwanza ilikuwa imeshapasua ngozi na ya pili inatafuta mufupa na damu inaruka mpaka kwenye ampli na inachemka pale sawa mafuta, na yeye analia bila sauti, mudomo wazi, miguu yake haigusi chini, na nilipokamata kamba ya jack nivute, mikono yake ikainua gitare yote na kunipiga nayo kwenye taya, mara moja, mara ya pili, mpaka meno yangu ikatawanyika juu ya ciment, na gitare iliendelea kupiga ile wimbo hata mu hewa, hata kwenye uso yangu.

Adèle akaingia na blanketi yake ya kilio.

"Baba Shekinah," alisema. Alikuwa anaita Ésaïe, pole tu, sawa mwanamuke mwenye kuita bwana kwa chakula.

Gitare ikashuka kidogo.

"Tulikosa. Aibu ni yetu. Chukua chombo yako, mais acha mukono ya mutoto wa mama yako."

Kitu ikamukamata Adèle, ikamutupa kwenye ukuta. Akaanguka, akatambaa, akafungua pedale na kungoa pile kwa meno yake. Kataa ingali inawaka. Akavua kitambaa ya kichwa, akafunga pedale ndani yake.

"Ésaïe," akanongona, "ukigusa huyu tena, nitakusahau. Batoto bako bataniuliza jina ya baba yao, nami nitanyamaza."

Ampli ikakata. Lusenge akaanguka sawa gunia.

Pedale tuliizika Kipese, kwenye miguu ya Ésaïe. Muganga wa hospitali alikata vidole mbili ya Lusenge, ju vilikuwa vinashikwa na ngozi tu. Sasa anapiga ngoma, na mukono moja.

Bon. Kuko kipande niliruka. Ile sauti ilipouliza, mutu alijibu. Ni mi, kule inje, chini chini, Lusenge hakusikia. Carton nilifungua mi, mbele Lusenge afike. Nilipiga wimbo muzima na ile pedale, nyuzi zote, na nilifurahi. Na wakati sauti iliuliza, vidole ya Lusenge vilikuwa vingali vizima. Nikasema: "Ni Lusenge."

Mbele ya kwaya yote, yeye ananiitaka muokozi wake, ju nilirudi ndani na nikapoteza meno. Ananiita, na mi ninaitikaka.