Kikombe Alichosafisha Mama Tshibola

Bandugu, habari hii inatupa haya sisi wote ba kambi ya mugodi, lakini tutaisema.

Ilikuwa mwaka wa 1956, siku ya Mungu, Jumapili, hapa Kolwezi. Mama Tshibola alikuwa mbele ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo, na mukwe wake Kanku anachemsha maji ya bukari, ugali wetu.

"Mama, ukitwanga hivi, bajirani batafikiri tunavunja ukuta."

"Acha bafikiri. Harufu itabaleta hapa."

Balicheka. Ndani, Mulumba, mutoto wa Mama Tshibola na bwana ya Kanku, alikohoa. Miaka kumi na mbili alitoboa mawe mu mugodi wa Mutoshi, vumbi ikamujaa mu mapafu. Munganga alimwambia waziwazi kwamba hatapona.

Wiki mbili kabla ya ile siku, Mulumba alikuwa amemwita mama yake. "Mama, nimechoka. Nilimuomba Kanku anisaidie nimalize. Alikatala, akalia mpaka bajirani bakasikia."

"Nyamaza! Mu ukoo yetu mwanaume hasemi ile neno."

Mama Tshibola hakumwambia munganga, hakumwambia padri. Alitoka kuanika mihogo, kama vile hajasikia kitu.

Basi ile siku ya Mungu, sombe ilipoiva, Mama Tshibola alimupelekea mutoto wake sahani. Mulumba alikuwa amekufa. Pembeni ya kitanda kulikuwa kikombe, na ile iliyobaki ndani haikuwa chai.

Alielewa palepale. Kwao, mutu aliyejiua haliliwi. Anazikwa mbio, na jina lake hakuna mutoto atakayepewa. Akajiuliza: Mulumba wangu bamuzike kama imbwa? Akachukua kikombe, akakisugua na majivu, akakirudisha penye bikombe bingine. Njo akapiga kelele: "Homa imemuchukua!"

Lakini munganga alichunguza maiti, akaandika: sumu. Komisere wa polisi, muzungu, akakuja na karani Omer wa kutafsiri.

"Ndiyo, aliniombaka nimusaidie kufa," Kanku alisema. "Mi nilikatala."

Komisere akauliza Mulumba alikunywa sumu na nini. Bikombe byote bilikuwa safi. Nani alisafisha?

"Mama Kanku," Omer akatafsiri, "Komisere anasema hivi: mutu akimupa mugonjwa kitu cha kumuua, hata akiombwa na machozi, sheria inaita ni kuua. Na anayesafisha kikombe iko na kitu anaficha."

Kanku alimugeukia mama mukwe. Mama Tshibola alitazama chini.

Bakamupeleka Kanku ku buloko, bakamufungia mule. Mulumba alililiwa siku saba, kilio kikubwa, na nyimbo. Bamama bakasema: "Pole, mama. Ule mwanamuke alikumalizia mutoto." Na yeye akaitika: "Ee." Hebu fikiri, weye unayesoma. Aliitika!

Siku ya nane Mama Tshibola alipeleka bukari ku buloko. Kanku alikuwa amekonda, macho imeingia ndani. Hakumutukana. Aliuliza tu:

"Mama, weye umekula?"

Ile swali ilimushinda. Alienda moja kwa moja ku meza ya Omer.

"Andika, karani. Kikombe, mi njo nilisafisha. Mutoto wangu alijiua mwenyewe. Aliniambia kwamba amechoka, nikamunyamazisha."

Omer aliweka kalamu chini. "Mama, unajua bazee batasema nini?"

"Batasema. Weye andika."

Bajirani baliitwa, bakakubali kwamba balimusikia Kanku akikatala. Bakamufungua Kanku. Alirudi nyumbani kukusanya nguo zake tu, aende kwa kaka yake ku Mutshatsha. Mama Tshibola alinyoosha mukono amubebee mufuko mpaka ku gare ya treni. Kanku akaubeba mwenyewe.

FUNDISHO

Mutu akikuambia amechoka na maisha, usimunyamazishe. Kaa naye, ita munganga, ita padri, ita ndugu, usimwache peke yake. Akikuomba umusaidie kufa, katala kama Kanku, lakini usibebe ile neno peke yako. Na mbele ya sheria sema kweli, hata ikikuvua nguo, sababu uongo wako utamufunga mwengine.

Na sisi ba kambi tujiulize: kama Mama Tshibola angejua tutamulilia Mulumba hata kama alijiua, angesema uongo? Mi nasema hapana. Ile haya haikuwa yake peke yake.