Farasi wa Bati katika Mwamba wa Garrity

Kila Jumamosi, Tamsin Hartigan alikuwa na kazi mbili kabla ya kifungua kinywa: kuwalisha kuku na kumpelekea bibi yake chai kitandani. Jumamosi ile ya likizo ya Pasaka kuku walipata chakula mbio mbio, na chai ya Bibi Noreen ikafika bila sukari.

"Leo umeamka na pepo gani?" Bibi aliuliza akikunja uso.

"Bibi, umesahau? Leo tunamaliza visanduku vya Garrity! Kimebaki kimoja tu."

Mji wa Tarrengully, huko Australia, ulikuwa na kundi la wasaka visanduku. Watu hawa huficha visanduku mahali mbalimbali, kisha huweka alama kwenye ramani ya simu ili wengine wavitafute. Anayekiona kisanduku huandika jina lake kwenye karatasi iliyomo ndani, hukirudisha palepale, halafu hutangaza kwenye simu kwamba amekiona. Akishindwa, hutangaza pia kwamba hakukiona. Mwaka ule Bwana Frew, mwenyekiti wa kundi, alikuwa ameficha visanduku vitano kando ya barabara kuu. Kila kimoja kilikuwa mahali palipokumbukwa kwa visa vya Silas Garrity, mfungwa wa enzi za ukoloni aliyetoroka na kuwa mnyang'anyi wa magari ya farasi yaliyobeba dhahabu. Mtoto atakayetangulia kuvipata vyote angeruhusiwa kuficha kisanduku chake mwenyewe na kukipa jina.

Tamsin alikuwa ameshachagua jina. Alitaka kukiita Kisanduku cha Honora, kwa heshima ya mwanamke aliyedaiwa kumpa Garrity mkate kwa siri. Watu wote walizungumza habari za jambazi. Tamsin alitaka kujua habari za mwoka mkate. Alimwogopa Garrity, au alimhurumia? Na mkate aliuficha wapi askari walipobisha hodi? Maswali hayo yalimnyima usingizi.

Walimpitia rafiki yake Mereana. Mereana na mama yake walikuwa wametoka New Zealand mwaka uliopita. Mama yake alikuwa fundi wa kukata manyoya ya kondoo, na watu walisema hakuna mwanamume katika wilaya ile aliyeweza kushindana naye. Begi la Mereana lilining'inizwa vidude vya kila aina: beji, vifungo, kobe wa plastiki, funguo zisizo na kufuli.

"Begi lako linapiga kelele kuliko gari langu," Bibi Noreen alimtania.

"Lakini halinywi mafuta, Bibi," Mereana alijibu, na wote wakacheka.

Mwamba wa Garrity ulikuwa kwenye kona, juu kidogo ya barabara, umezungukwa na mikaratusi. Inasemekana hapo ndipo jambazi alipoyavizia magari. Bibi alibaki garini akisikiliza mpira redioni. "Pigeni miguu chini kwanza!" aliwapigia kelele. "Na msitie mkono msipopaona. Nyoka hana likizo."

Simu iliwaelekeza kwenye mwamba. Dokezo la Bwana Frew lilikuwa fupi: *Tazama kama mtu anayengoja gari.* Wasichana waliuzunguka mwamba, wakapekua nyufa kwa fimbo, wakainua mawe na magome ya miti. Walikuta mijusi na kopo la soda lenye kutu. Kisanduku hakikuonekana. Asubuhi ikawa adhuhuri.

"Basi, tuandike hatukukiona," Mereana alisema akijifuta jasho. "Tutarudi kesho."

"Kesho saa ngapi? Kesho mchana mshindi anatangazwa bustanini! Na wale mapacha wa kina Pruitt wamebakiza kimoja kama sisi." Tamsin aliketi chini. Machozi yalikuwa karibu. Kisha akalitazama kopo lake la sandwichi. "Mereana, kisanduku kimesombwa na mvua ya juzi. Lazima. Tukiweka kingine tutakuwa tumemsaidia Bwana Frew."

"Kumsaidia vipi? Hujui kama kimesombwa."

"Watu wazima hufanya hivyo! Nimesoma kwenye simu. Kikipotea, unaweka kipya."

"Wanamwuliza mwenyewe kwanza."

Lakini Tamsin alikwisha kupangusa makombo. Akaweka karatasi ndani ya kopo, akaandika majina yao mawili, akalisukuma chini ya jiwe. Halafu akatangaza kwenye simu: *Tumekiona!*

"Mmepata?" Bibi aliuliza waliporudi.

"Tumepata, Bibi!"

Mereana alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akageuza uso dirishani.

Siku ya pili bustani ilijaa moshi wa soseji. Watu walikula soseji kwenye mikate na keki za nazi, na mapacha wa Pruitt walinuna kwa sababu Tamsin alikuwa amewatangulia. Bwana Frew alipanda juu ya benchi ili amtangaze mshindi. Kabla hajafungua kinywa, mwanamke mmoja mwenye kofia ya majani alisogea mbele. Alikuwa Bi Yvonne Sorensen, aliyekuwa ameendesha gari tangu alfajiri kutoka mji wa Dubbo.

"Samahani, Bwana Frew," alisema. "Nimetoka kwenye mwamba sasa hivi. Kisanduku nimekiona chini ya jiwe, lakini farasi hayumo."

Watu wakageukiana. Farasi huyo walimjua wengi. Alikuwa wa bati, mdogo kama kidole gumba, mwenye namba shingoni. Vitu vya namna hiyo havichukuliwi viwe mali ya mtu. Msakaji hukitoa katika kisanduku kimoja akakipeleka katika kingine, na mwenye kitu hufuata safari yake kwenye ramani kwa namba hiyo.

"Mume wangu ndiye aliyemtengeneza," Bi Yvonne aliendelea. "Sasa hawezi kusafiri, moyo unamsumbua. Kila jioni ananiambia, 'Hebu tuone farasi wetu yuko wapi.' Tunataka afike bahari ya magharibi. Wiki nzima hajasogea, nikasema nije nimwangalie. Nitamwambia nini leo?"

Bwana Frew aliangalia simu yake. "Jumapili iliyopita kuna mtu alimwacha humo. Baada yake waliokiona ni..." Alisita. "Ni Tamsin na Mereana peke yao."

"Mjukuu wa Noreen namjua tangu anazaliwa," mama mmoja alinong'ona kwa sauti iliyosikika na kila mtu. "Lakini huyo mwenziwe, hebu mtazameni begi lake."

Macho yote yakahamia kwenye begi. Mereana alilivua mgongoni. Akalimimina lote juu ya meza, kati ya sahani za keki. Kobe, beji, funguo na vifungo vilitawanyika. Akageuza mifuko ya suruali pia. Kisha akamtazama Tamsin. Hakumshtaki. Alimtazama tu.

Tamsin aliangalia vile vitu mezani. Alijua kwamba akinyamaza jina la Honora litaandikwa kwenye ramani siku hiyo hiyo. Alijua pia kwamba rafiki yake ataitwa mwizi.

"Hatukumchukua farasi!" alisema kwa nguvu. "Hatukumwona. Hata kisanduku hatukukiona! Lile kopo ni langu la sandwichi. Niliweka mimi. Mereana alinikataza."

Bibi Noreen aliiweka chini sahani yake. Bwana Frew alishuka kwenye benchi polepole.

"Kwa hiyo changu hakuna aliyekigusa tangu Jumapili ile," alisema. "Mvua ile isingeweza kukisomba. Bi Yvonne, twende nikakuonyeshe."

"Usithubutu!" Bi Yvonne alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nimesaka visanduku miaka mingi, hakuna aliyenionyesha. Nitakitafuta mwenyewe. Na hawa wasichana watakuja kunisaidia."

Kundi zima likarudi mwambani. Bi Yvonne alisoma dokezo kwa sauti. *Tazama kama mtu anayengoja gari.* Tamsin aliinamisha kichwa kwa aibu, lakini udadisi ni udadisi, hauombi ruhusa. Akajiuliza: Garrity alingoja akiwa wapi? Si huku chini, wangemwona. Alikuwa juu.

"Jana tuliutazama mwamba," alisema taratibu. "Mtu anayengoja gari hautazami mwamba."

"Anatazama barabara!" Mereana alidakia.

Walipanda, wakalala kifudifudi bega kwa bega. Mbele yao mawe mawili yaliacha upenyo. Kupitia upenyo ule walikiona kipande cha barabara, na ng'ambo yake kitu kimoja tu: nguzo kuukuu ya uzio iliyooza katikati.

"Ile pale!" walipiga kelele pamoja.

Mereana ndiye aliyetangulia kufika. Akapiga miguu chini, akachungulia ndani ya nguzo, akavuta kizibo cha mbao. Nyuma yake palikuwa na kisanduku cha kijani, na ndani ya kisanduku alikuwamo farasi wa bati. Bi Yvonne alimpokea kwa mikono miwili. Alimpiga picha pale pale akamtumia mumewe.

Tamsin alimfuata Mereana. "Nisamehe. Walikuita mwizi kwa uongo wangu."

"Nilikasirika sana," Mereana alisema. "Bado nimekasirika kidogo."

"Na mimi nina deni la samahani," alisema yule mama aliyenong'ona, akimwendea Mereana mbele ya watu wote. "Nimekosa, mwanangu."

Bwana Frew alieleza kwamba kisanduku cha Honora kingengoja, kwa kuwa mashindano yalikuwa yameharibika. Tamsin aliumia, lakini hakubisha.

"Sasa," Bi Yvonne aliuliza, "nani kati yenu anaelekea magharibi?"

Watu walitazamana. Mereana aliinua mkono nusu. "Mama anaanza kazi kwenye mashamba ya upande wa Bourke, huko magharibi, wiki ijayo. Tutakuwa huko mwezi mzima. Lakini labda umpe mtu mwingine."

"Kwa nini mwingine?" Bi Yvonne alimwekea farasi kiganjani, akamfunga vidole juu yake. "Nimemwona mtu aliyemimina begi lake mbele ya umati bila kumtaja rafiki yake. Nitalala bila wasiwasi."

Mereana alimtia farasi mfukoni mwa suruali, akaufunika mfuko kwa kiganja.

Tamsin alitoa simu, akafuta tangazo lake la jana, akaandika: *Jumamosi hatukukiona.* Bibi Noreen alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kutokuona si kosa, mjukuu wangu," alisema. "Kila msakaji ana siku yake ya kurudi mikono mitupu, na anayesema hivyo anamsaidia ajaye nyuma. Lakini ukisema umeona usichokiona, kitu kikikosekana, wa kwanza kupekuliwa ni aliyesimama karibu nawe. Sasa nenda ukamsaidie mwenzio kuokota vitu vyake. Bado viko juu ya meza bustanini."