Jike Aliyelalia Mayai ya Plastiki

"Lemayian, hii ni nini?"

Evalyne alikuwa ameshika yai dogo kama ukucha wa kidole gumba, akilimulika kwa tochi ya simu. Mwanga haukupita. Akaligonga kwenye chuma cha tundu: tik, tik. Yai la ndege haligongi hivyo.

"Ni yai," Lemayian alijibu, macho yakiwa kwa viatu vyake.

"Ni plastiki! Zote nne ni plastiki. Huyu mama amelalia plastiki wiki mbili! Mayai yangu iko wapi?"

Wanaofuga kanari, ndege wadogo wa kuimba, wana ujanja wao. Jike hutaga yai moja kila asubuhi, na ukimwacha alalie hapo hapo, kinda wa kwanza atatangulia kuanguliwa, anenepe, awakalie wadogo zake. Kwa hiyo kila yai linapotagwa unaliondoa, unaweka la bandia, la kweli unalihifadhi kwenye pamba mahali penye ubaridi. La nne likitoka, unamrudishia yote kwa pamoja. Evalyne alikuwa na mayai matatu kwenye bakuli mamake alipougua ghafla huko Kajiado. Akakimbia, akamwachia kazi mchumba wake, kijana wa Kisaju anayeuza maji kwa bowser, lori la tangi, hapa Kitengela. Kesho yake akapokea ujumbe:

"Babe relax. Mayai yote iko kwa kiota. Mama ya watoto amekalia poa sana."

Aliporudi alimkuta jike ametulia, na jike aliyetulia hasumbuliwi. Hadi leo, siku ya kuanguliwa.

"Sema," Evalyne alisema.

"Ilikuwa baridi, Eva. Unajua Julai ya huku. Hata ile ya nne nilitoa nikaweka na zingine. Nikashika bakuli nikaskia zimekuwa baridi kama mawe. Kwetu mtoto wa mbuzi akizaliwa na baridi tunamweka karibu na moto. Nikasema mama yao azipate zikiwa moto. Nikazifunga na shuka, nikaweka kando ya jiko."

"Halafu?"

"Mteja wa maji akapiga simu. Nikaenda. Kurudi... zilikuwa zimeiva."

Evalyne aliketi kitandani. Mtu mwingine angecheka, na labda hata yeye angecheka, kama mayai yale yangekuwa ya dume mwingine. Lakini yalikuwa ya Mzee, kanari wa manjano ambaye marehemu babake, Muteti, alimlea kwa mkono. Mzee alikuwa ameanza kunyonyoka manyoya shingoni na hakuwa amewahi kupata mtoto hata mmoja.

"Pole," Lemayian alisema. "Nitakununulia wengine."

"Umesikia nikilia mayai? Mayai ningelia nimalize. Kila asubuhi ulikuwa unaniuliza, 'Watoto wanaendelea aje?' Uliuliza ukinitazama kwa macho! Na ulikuwa unajua."

"Niliogopa."

"Jumamosi wazee wako wanakuja kwa Mwaitu kuleta posa. Waambie wasikuje."

"Eva!"

"Wasikuje. Toka."

Alipotoka, Evalyne akafunga geti ya grili iliyo mlangoni, na kufuli juu yake. Kisha akampigia mamake simu.

"Mwaitu, mambo ya Jumamosi imekatika."

"Ngai! Amekupiga?"

"Hapana."

"Ako na mwingine?"

"Alipika mayai."

"Evalyne, hebu rudia pole pole."

Alirudia. Mamake alisikiliza hadi mwisho bila kucheka, na hilo peke yake lilikuwa upendo mkubwa.

"Mayai ni makosa," mama alisema. "Uongo ndio maneno. Mimi sitakuambia umchukue ama umwache. Lakini angalia kama ni mtu ako na mdomo wa kusema ukweli hata akiaibika. Babako alikuwa nao. Ndio maana nilivumilia ndege kwa nyumba."

Msimu wa kutaga ulikuwa haujaisha. Evalyne alitoa plastiki, akampumzisha jike, akamlisha yai la kuku lililopondwa na sukuma wiki. Kisha akamweka Mzee upande wa pili wa tundu, wavu kati yao. Babake alimfundisha hivyo: usiharakishe. Ukiwaunganisha kabla hawajakubaliana watapigana hadi damu. Subiri dume amlishe jike kupitia wavu, na jike akubali.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na mtu kwenye korido.

"Supa," sauti ya Lemayian ilisalimu kwa Kimaasai nje ya grili.

Evalyne hakuitikia "epa" kama alivyozoea.

"Sijakuja kuomba ufungue. Nimekuja kusema ukweli moja halafu niende kazi. Ile siku nilikuambia bowser imeharibika Isinya, haikuwa imeharibika. Nilikuwa nimelala ndani."

Akaenda zake.

Kesho yake akarudi. "Muthokoi ya Mwaitu, ile mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Huwa nameza bila kutafuna. Siipendi. Nilisema ni tamu juu nilitaka anipende."

Siku nyingine: "Ile nywele ya blonde, haikukukaa vizuri."

"Hiyo sasa umezidi!" Evalyne alijikuta amejibu.

Jirani yake, Lorna, alitoa kichwa mlangoni pake. "Eva, kama humtaki huyu niambie. Mimi naskia ukweli nikikunywa chai, nimeshazoea."

Wiki ikapita. Mzee alikaa tu kwenye kijiti chake, kimya, na Evalyne akaanza kuamini kwamba uzee umemshinda. Kisha asubuhi moja alimsikia. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikajaa chumba kizima kama zamani babake akiwa hai. Mzee alisogea hadi kwenye wavu akiwa na chakula mdomoni. Jike alimtazama, akageuka, akamtazama tena. Kisha akafungua mdomo.

Evalyne alilia. Alivuta wavu taratibu akauondoa.

Hodi ikapigwa. Lemayian alikuwa ameshika kikombe cha plastiki chenye kifuniko.

"Muthokoi," alisema. "Nimepika mwenyewe. Nataka nijifunze kuipenda kweli kweli, sio ya kumeza."

Evalyne alitazama kikombe, akatazama vyuma vya grili. Akapitisha mkono katikati yake, akachukua, akaonja.

"Ni mbaya?" Lemayian aliuliza.

"Ni mbaya sana. Haijaiva. Yaani mahindi inakushinda na mayai unaivisha!"

Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa vyuma. Kisha Evalyne akaenda kutafuta ufunguo.

"Usifikirie tumemaliza," alisema akifungua. "Wazee bado wasubiri."

"Watasubiri," Lemayian alisema. "Mimi pia."

Jike alitaga tena. Yai la tatu lilipotoka, mamake Evalyne akahitaji kurudishwa kliniki Kajiado, na ni Evalyne wa kumpeleka. Angeweza kumwachia Lorna bakuli. Alilishika muda mrefu, kisha akampa Lemayian.

"Hakuna moto," alisema.

"Hakuna moto."

Kesho yake siku nzima alikaa kliniki simu ikiwa mkononi, roho juu juu. Kurudi nyumbani kwa mamake, wakiwa hata hawajaketi, ujumbe ukaingia:

"Eva. Imetoka ya nne. Nikirudisha moja imeniponyoka ikavunjika. Ni mimi, hakuna wa kulaumiwa. Tatu ziko kwa kiota na mama amekalia. Za plastiki ziko kwa mfuko wangu, uje uhesabu. Pole sana."

Evalyne aliusoma mara mbili.

"Ni nini?" mamake aliuliza. "Mbona unatabasamu? Mayai yameanguliwa?"

"Bado, Mwaitu. Moja imevunjika."

"Na hiyo ndiyo ya kufurahia?"

"Ameniambia," Evalyne alisema. "Kabla sijauliza. Mwaitu, waambie wazee wakuje."